Jiwe Lililokuja Ndani ya Debe

Kariakoo, Dar es Salaam
Novemba 1956

Kwa Baba yangu, Mzee Athumani, bonde la Matandu

Baba, shikamoo. Mimi mwanao Rajabu ni mzima, nakula, nalala, na kazi bado ninayo. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi chake cha asubuhi kimepungua? Nawe Zuhura, mdogo wangu na msomaji wetu, nakuomba barua hii umsomee Baba chumbani mkiwa wawili tu. Leo usisome barazani huku majirani wametega masikio. Na usiruke neno, maana nakujua.

Baba, barua yako ilinifikia Ijumaa. Nilipofika pale unaposema hujafyeka shamba la bondeni, kwamba lori la kampuni likija litakanyaga mpunga bure, niliikunja nikaitia mfukoni. Nimetembea nayo siku nne. Jana jioni nilikaa nayo Mnazi Mmoja mpaka wacheza mpira wakatawanyika, nikaona mvua hazitangoja mimi nipate ujasiri.

Jiwe lako halina mafuta, Baba.

Kazi yangu unaijua: naosha mawe ambayo kampuni inayatoa huko pwani ikitafuta mafuta, nayaandika namba, nayafunga. Siku lilipofika lile jiwe ulilolivunja kwenye ukingo wa mto, nilifungua debe mbele ya wenzangu wote. Harufu ilinipanda mpaka kichwani! Nilipiga kelele kama mwendawazimu, na siku ileile nikakuandikia kwamba Mungu ametufungulia mlango. Hakuna aliyenituma. Mzungu wetu mtaalamu wa mawe alikuwa safarini Mafia, nami sikumngoja.

Aliporudi hakushangilia wala hakucheka. Alilipasua jiwe kwa nyundo, vipande akavitia ndani ya sanduku jeusi lenye taa ya zambarau. Chini ya taa ile mafuta hung'aa hata yakiwa kidogo sana. Akaniita nichungulie. Ukingo wa jiwe uling'aa samawati hafifu kuzunguka kote, lakini ndani kulikuwa giza tupu.

"Unaona nini, Rajabu?"

"Naona mafuta nje, bwana. Ndani hamna."

"Mafuta ya ardhini hukaa katika vitundu vya jiwe toka zamani sana, nje na ndani. Haya yameingia juzi tu. Jiwe lilikuja ndani ya nini?"

Nikageuka kulitazama debe pale pembeni. Baba, lile debe nalijua. Mpini wake wa kamba ya katani niliufunga kwa mikono yangu. Nililinunua likiwa limejaa mafuta ya taa, dukani hapa Msimbazi, nikakuletea Idi iliyopita. Najua ulilisuuza vizuri, lakini mafuta ya taa hayatoki kwa maji, na lori lililoleta jiwe liliharibika njiani wiki mbili nzima. Jiwe la mchanga hunyonya. Kwa hiyo mafuta yaliyopatikana shambani kwako ni yaleyale niliyokuletea mimi.

Mzungu aliniuliza kama kwetu ni watu wa hila. Nikamweleza habari ya debe mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Nakuamini. Mtu wa hila angetafuta jiwe zuri kuliko hili." Sikujua nifurahi au nikasirike kwa niaba ya jiwe letu.

Kisha akakaa akanieleza jambo ambalo halijanitoka. Mafuta hayazaliwi pale yanapopatikana. Zamani palikuwa bahari, na vidudu na mimea midogo isiyoonekana kwa macho ilikufa ikazama kwenye matope yasiyo na hewa. Matope yakafukiwa, yakagandamizwa, joto la ardhi likayapika mpaka yakawa mwamba, na mwamba huo ndio mama wa mafuta. Yakibanwa humtoka mama yao, yakapanda polepole kwenye miamba ya mchanga mpaka yakakutana na mwamba usiopitisha kitu, yakatua hapo. Na mjuzi akiyapima hukuta ndani yake alama za mama yao, hata yawe mbali naye kiasi gani. Nikacheka peke yangu. Anayetaka kunipima mimi hapa Kariakoo atakuta matope ya Matandu.

Nilimuuliza kama mama huyo yuko chini ya shamba letu. Akasema huenda yuko, huenda hayuko, hajui. Na yeye ndiye msomi.

Eliya, yule Mchaga ninayekaa naye chumba kimoja, aliponiona sili akaniuliza kulikoni. Nikamwambia. Akasema, "Ndugu yangu, mwandikie mzee leo leo. Kampuni itakula vya makopo. Mzee wako atakula nini?" Nimeona aibu, Baba. Naona aibu hata sasa.

Fyeka, nakuomba. Panda mpaka kwenye ile njia uliyoiacha kwa ajili ya lori. Jembe jipya na mbegu vinakuja kwa lori la wiki hii, nimevifunga kwenye gunia. Debe nimelizuia huku.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya kifua imo ndani ya gunia. Shangazi Mwanahawa mpe shikamoo yangu, na mjomba Saidi mwadhini mwambie aniombee dua.

Zuhura, hapa chini ndipo usome barazani, kwa sauti, watu wote wakiwepo:

Jirani zangu, mimi Rajabu ndiye niliyesema kuna mafuta. Baba aliniamini kwa sababu ni mwanawe. Yalikuwa mafuta ya taa, niliyanunua mwenyewe dukani. Mwenye kucheka anicheke mimi, na Idi nitakuja nikae hapo barazani mnicheke vizuri. Baba msimtafute. Yuko bondeni, anafyeka.

Mwanao,
Rajabu