Kaka Ndiye Anayeanza

Alhamisi, 3 Julai
Sare saba za shule ya Fukayosi zimebaki vifungo tu. Kaka Salimu kapiga simu kutoka Dar. Anautaka ubao wa sataranji wa marehemu baba. Eti autundike ukutani sebuleni. Autundike! Hata arobaini ya baba hatujasoma. Nimemwambia: akinifunga Jumamosi mbili, auchukue. Akishindwa hata moja, ubao hautoki Bagamoyo.

Jumamosi, 5 Julai
Kafika baada ya adhuhuri. Shikamoo, marahaba, kisha kazivuta kete nyeupe bila kuuliza. Nyumba hii mkubwa ndiye anayeanza. Tangu utotoni sijashika nyeupe, hata kwa baba.

Nikacheza alivyonifundisha baba. Askari wa mbele ya farasi hatua moja, ndovu nyuma yake, akiuchungulia ubao mshazari. Kisha tulia. Mweusi hasemi anakwenda wapi mpaka mweupe aseme kwanza.

"Mbona husogei? Unasubiri posa?"

Kacheka peke yake. Nina miaka arobaini na tisa na sijaolewa, anajua. Hasira zikanipanda, nikamrukia na malkia kabla ya wakati. Kanifunga. Mjinga mimi. Mshenzi yeye.

Jumanne, 8 Julai
Hasira hazijaisha. Nimeshona mkono wa shati ndani nje, nikafumua.

Baba alilala kitandani miezi minne. Salimu alikuja mara mbili, funguo za gari mkononi. Mimi nilimlisha. Mimi nilimsogezea kete, vidole vyake vikitetemeka. Leo ubao umekuwa pambo!

Jumamosi, 12 Julai
Kaja na magazeti ya kufungia ubao. Dharau gani hii!

Kaanza. Askari wake mbio, wanagombea katikati. Mimi hatua moja, hatua moja. Kanitupia ile ya posa tena. Nikauma ulimi kweli, si msemo tu.

Alipotuma kila kitu kwa mfalme wangu, nikavunja katikati. Njia ya ndovu ikafunguka mpaka pembe ya mbali, nikaila ngome yake. Kayakunja magazeti kabla hata sijamfunga.

Mlangoni kageuka. "Haya, ubao wako. Utacheza na nani sasa?"

Nilitaka kumtupia kiatu.

Jumapili, 13 Julai
Asubuhi nimepanga kete. Nimekaa upande wa nyeupe, mara ya kwanza maishani. Nikagusa askari. Nikamwacha. Nikagusa farasi. Nikamwacha. Chai imepoa. Sijui kuanza.

Nimeugeuza ubao. Nimemwandikia Salimu: Jumamosi njoo, nyeupe ni zako. Bado simpendi.

Hajajibu. Vifungo vya Fukayosi nimemaliza. Kete sijazipangua.