Kambi Isiyo na Kiongozi

Maren mwenzangu, nimejikaanga!

Askari wa msitu wa serikali katuvamia tena kambini. Anamtaka kiongozi wetu, na akimpata anampeleka kortini kwa kupiga kambi msituni bila kibali. Tukamjibu kama kila mwaka: "Kaka, hatuna kiongozi. Hapa wote sawa."

WOTE SAWA! Na mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote!

Mara namwona mwenzetu Kaka Mwerezi anatoka chooni, mkono moja kwa moja kwenye sufuria ya dengu. Nikawaka. "Wee! Toa mkono! Hakuna kula hapa mpaka wote mmenawa!"

Maren, kambi nzima ikapanga foleni ya kunawa.

Askari akanigeukia taratibu.

"Mimi napika tu," nikamwambia.

Mwerezi akanyoosha viganja vilivyolowa: "Dada Umande, sasa unaturuhusu kula?"