Sahani Iliyorudi Tupu

Homa Bay, 3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mimi ni mzima, ila joto la mwezi huu linatukausha kama dagaa wa omena. Magoti yako yanasemaje? Na mgongo, tangu ulipoteleza bafuni?

Natumaini simu niliyokupa tulipokutana Rongo umeshaizoea. Ndani yake nimekuwekea ile programu tunayoijaribu hapa kazini, inaitwa Sahani Yangu. Kazi yake ni kuona kwamba wazee wanakula protini ya kutosha. Mtu akipita miaka sabini, Mama, nyama ya mapaja huyeyuka kimyakimya, na ugali na mboga pekee haviirudishi. Bibi alianguka kama wewe, na unajua hakuinuka tena. Sitaki kupigiwa simu ya namna ile.

Kila mlo, piga picha ya sahani. Programu itahesabu gramu, na lengo lako ni sitini kwa siku. Kila Jumapili kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, halafu uinuke na kukaa tena na tena kwa nusu dakika, uandike umeinuka mara ngapi. Mayai, maziwa na omena utakuwa unachukua kila wiki dukani kwa Mwanamvita, nimeshapanga naye. Na barua uniandikie humohumo ndani.

Binti yako,
Bev


Ogwedhi, 9 Februari 2025

Bev mwanangu,

Hujambo huko? Sisi hatujambo. Mvua bado haijatukumbuka, na siku ya mnada vumbi la ng'ombe linaingia hadi kwenye chai.

Programu yako haina adabu. Asubuhi imeniambia, "Umefanya poa, Moraa!" Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili na hakuna mtoto aliyethubutu kuniita Moraa. Mchana ikanishauri nile kambare. Iambie mimi ni mtu wa Sabato, samaki asiye na magamba haingii jikoni mwangu.

Lakini nikubali jambo moja. Nilipiga picha ya mayai mawili na maharagwe, ikayahesabu kwa kuyatazama tu. Nilibaki nimeshika kijiko hewani. Nimeishi hadi nikaona kioo kinachojua kilichomo ndani ya yai! Nimeinuka mara saba.

Nimeandika "sisi hatujambo" kwa makusudi. Mke mwenzangu Filister alirudi kutoka hospitali juma lililopita. Najua hutaki kulisikia jina hilo. Nimelitaja tu.

Mama yako


Homa Bay, 24 Machi 2025

Mama mpendwa,

Habari za siku nyingi? Mimi nipo, kazi nyingi. Nimeirekebisha programu, sasa itakuita Mwalimu.

Sahani zako zinatushangaza hapa ofisini. Gramu sitini na mbili, sitini na tano, siku moja sabini! Noordin, msimamizi wetu, amezionyesha kwenye mkutano. Lakini miguu yako siielewi. Saba, saba, sita. Chakula kinaingia na nguvu haionekani. Je, tumbo linakataa? Unanificha ugonjwa? Nikutafutie daktari?

Kuhusu yule uliyemtaja. Nilikuwa na miaka kumi na minne Baba alipomleta mke wa pili. Kila jioni ulinibebesha sahani ya Baba hadi mlangoni kwa huyo mwanamke, na kila jioni nilirudi nayo imejaa, imefunikwa vilevile ulivyoifunika. Tangu tumzike Baba sijakanyaga boma hilo, na nimesema sitakanyaga maadamu yumo. Tutaendelea kukutana Rongo.

Binti yako,
Bev


Ogwedhi, 30 Machi 2025

Bev mwanangu,

Salamu zako nimezipata, nami nakurudishia. Mvua imekuja, tumepanda.

Tumbo halijakataa chochote, na daktari mwache atibu wagonjwa. Asante kwa hiyo Mwalimu. Nimeinuka mara sita. Usiwe na haraka na namba. Kuna kipimo kingine ninachokifuatilia mwenyewe hapa.

Mama yako


Homa Bay, 13 Aprili 2025

Mama,

Salamu nitaleta nikipoa.

Leo nimezikuza picha zako zote. Ya tarehe nne ina kigoda pembeni. Kina miguu mitatu, mmoja umefungwa kwa waya. Kigoda hicho nilikitazama kila jioni nikiwa nimesimama mlangoni kwake na sahani mkononi. Hizi picha hazipigwi jikoni kwako.

Mama, chakula ninachokutumia anakila nani? Na wewe ukianguka tena, nani atakuokota?

Bev


Ogwedhi, 11 Mei 2025

Bev mwanangu,

U mzima? Mimi mzima. Nimekuacha mwezi huu upoe, maana chai ya moto haimezwi.

Uliniambia nipige picha ya sahani, nikapiga. Programu iliuliza, "Nini kiko kwenye sahani yako?" Nikajibu kweli tupu. Haikuniuliza hata siku moja ni nani anayekula. Hapo swali ndilo lililopungua, mwanangu, na ungekuwa darasani kwangu ningekukata alama.

Filister alirudi mifupa mitupu. Hakujaliwa mtoto, na kwao Rodi Kopany hakubaki mtu. Siku mbili baada ya kurudi nilimsikia akiita. Nikamkuta sakafuni kando ya kigoda, ameshindwa kuinuka tangu asubuhi. Nikamwona Bibi yako pale chini. Nikajiona na mimi.

Nilimpelekea mayai, akageuza uso ukutani. Unajua mke mwenza hali cha mwenzake hivihivi. Nikamwambia, "Sikukupikia mimi. Simu imesema ule." Nikamwonyesha zile gramu. Akazitazama sana, kisha akasema, "Onja wewe kwanza, nyieka." Ndivyo wake wenza tunavyoitana kwa Kijaluo. Basi nikauma nusu ya yai mbele yake, nikameza, nikaachama kama mtoto aliyepewa dawa. Ndipo akala. Tangu siku hiyo kila sahani naionja kwanza, naye anakula.

Siku moja akaniambia mwenyewe, sikumuuliza. "Zile sahani za binti yako nilizirudisha mimi. Si Mzee. Majirani waliniambia mwalimu atanitilia kitu. Niliogopa, na nikamkataza asile." Bev, miaka ishirini na mitatu nilidhani ni baba yako aliyekikataa chakula cha mkono wangu. Nililia palepale mbele yake, sikuona haya. Naye akalia.

Sasa nikwambie cha kustaajabisha. Namba zangu hazikupanda kwa sababu ulikuwa unampima mtu asiyekula. Huyu mwingine nimempima mimi, kila Jumapili, kwenye daftari. Februari yote, sifuri. Machi, mara moja, tena kwa kushikwa mkono. Aprili, mara mbili peke yake. Leo asubuhi nilimpelekea kiti changu, akakunja mikono kifuani, nikaanza kuhesabu kwa sauti kama darasani. Moja. Mbili. Tatu. Ya tano nikaacha kuhesabu kwa sauti, nikahesabu kwa vidole. Yeye akaendelea kuinuka, Bev. Aliinuka mara nane! Nimezaa, nimezika, nimeona mengi, lakini sijawahi kumtazama mtu akirudi duniani kidogokidogo kwa mayai na omena. Nilimshukuru Mungu, kisha nikakushukuru wewe na hiyo programu yako isiyo na adabu.

Na sahani inarudi tupu. Kila siku naibeba hadi jikoni, naigeuza, naitazama. Tupu kabisa.

Kosa langu ni moja, nimejipunja mwenyewe. Hapo nikate alama.

Mama yako


Homa Bay, 1 Juni 2025

Mama mpendwa,

Salamu, tena nyingi, pamoja na zile nilizokunyima mwezi wa nne. Magoti yako yanasemaje leo?

Barua yako nimeisoma hadi naijua kwa moyo. Nilimsomea Noordin, akavua miwani akaenda kusimama dirishani. Aliporudi akasema, "Mwalimu amelisahihisha swali letu." Sasa programu ikishahesabu gramu inauliza, "Unakula na nani?" Wazee thelathini wameshajibu. Mama, tulidhani tunahesabu sahani ya mtu mmoja mmoja. Karibu nusu yao wanagawana na mtu tusiyemjua!

Hasira yangu nimeitafuta, siioni nilipoiweka. Nimeibeba tangu utotoni, na kumbe ilikuwa imefunika woga wa mtu.

Kuanzia juma hili chukua mayai ya watu wawili kwa Mwanamvita. Sharti langu ni kwamba na wewe ule, ushibe. Nikikuza picha nataka kuona mikono ya watu wawili.

Mwambie Mama Mdogo (nimelifuta neno hilo mara tatu nikaliandika tena) kwamba nakuja Jumapili, tarehe nane. Nitapika mimi, na sahani nitaibeba mwenyewe hadi mlangoni kwake. Nitaionja mbele yake kama ulivyofanya wewe.

Binti yako,
Bev


Ogwedhi, 4 Juni 2025

Bev mwanetu,

Hatujambo, na safari hii hatujambo kwelikweli. Jumapili nimeinuka mara nane, programu ikasema, "Hongera, Mwalimu." Nimeisamehe.

Nimemsomea barua yako. Aliomba nirudie pale penye Mama Mdogo. Nimerudia mara nne, na bado anataka.

Ameniomba nikuandikie maneno yake kama yalivyo, nisisahihishe kitu. Anasema, "Mwambie mtoto atanikuta mlangoni, nimesimama. Na hiyo sahani asiionje. Anipe tu, nitakula."

Mama zako