Mama na Sindano Yake

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, na mgongo umeacha kukusumbua kazini. Shemeji hajambo? Watoto je? Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Ila hili la Mama limenishinda kulisema kwenye simu.

Unamjua alivyokuwa. Ukisimama tu mlangoni, kiuno chako keshakijua. Tepu ilikuwa ya kumridhisha mteja. Basi majuzi kamshonea mwalimu jirani suruali, mguu mmoja mfupi. Mwalimu wa watu akaivaa vivyo hivyo, kwa heshima. Tulicheka, tukasema ni uzee.

Haukuwa uzee. Jumanne asubuhi alijichoma insulini, akasahau, akajichoma tena, na tumboni hamna kitu. Nilimkuta jasho linamchuruzika, anakanyaga cherehani isiyo na kitambaa. Nilimwita, hakuitika. Nikamnywesha maji ya sukari, tukakimbilia hospitali.

Alizinduka, lakini Kaka, hakurudi mzima. Majirani wanasema sindano ndiyo iliyokula akili yake. Daktari amekataa katakata. Anasema bila insulini tungekuwa tumeshamzika. Kilichouumiza ubongo ni sukari iliyopanda miaka nenda miaka rudi, kisha huku kushuka kwa ghafla. Kilichopotea, anasema, huenda kisirudi chote.

Sasa dawa naishika mimi. Siku ya kwanza nilipomzuia kujichoma mwenyewe, alinitazama kama mwizi.

"Nimekunyonyesha mimi," akaniambia, "leo unaninyima dawa yangu?"

Nilimchoma, akageukia ukutani.

Chakula anakula, namshukuru Mungu, na sukari imetulia. Zipo siku anachangamka, akamsema Shangazi kwa mishono yake mibaya mpaka wote wawili wakacheka. Lakini jana nilipokuwa nafagia chumbani kwake, aliniuliza kwa upole kama mama yangu bado yu hai. Nikamwambia yupo. Akasema nimsalimie.

Kaka, ukipiga simu, nakuomba usimwulize kama anakujua. Jitaje kwanza, mwambie wewe ni mwanawe wa kwanza. Ukimtega, anaona aibu, analia.

Shangazi anakusalimu sana, na mwalimu pia. Wabusu watoto. Mungu akufungulie njia uje mapema, ungali una mtu wa kukuita mwanangu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda