Kwa Tonton Amisi, Aliyemtumia Kocha Baiskeli

Tonton Amisi,

Nimekosa, mjomba. Wewe ndiye uliyenifundisha kulitambua kosa la namna hii, na kwa hiyo wewe ndiwe wa kwanza kuandikiwa, kabla ya mtu yeyote aliye hai.

Miezi saba imepita tangu tulipokupitisha mbele ya lango la uwanja. Hukuona, acha nikusimulie. Mashabiki walitaka kukubeba na kukuzungusha uwanja mzima kwa ngoma, kama wanavyofanyiwa wakubwa wa mpira mjini hapa. Imamu alikataa, alisema maiti ya Mwislamu haichezewi ngoma. Nilikwisha kukunja uso kwa ugomvi, unanijua. Lakini Papa Kasongo, mpiga ngoma wako wa tumba, Mkatoliki na mkaidi kunishinda, aliweka tumba chini, akavua kofia na kusema kwamba siku hiyo si ya kwetu, ni ya kwako. Basi tukapita langoni kimya. Sijawahi kuwasikia mashabiki wa klabu yetu ya Maporomoko wakinyamaza namna ile. Nilidhani wamekufa wote pamoja nawe.

Hawakufa. Baada ya arobaini walikusanyika kwenye kibanda chako cha kutengeneza baiskeli, pale Mangobo, wakanichagua mimi kukalia nafasi yako ya kuongoza umoja wa mashabiki. Mimi, mwana wa dada yako, mwanamke, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria, mwenye mdomo ambao wewe mwenyewe ulisema ungetosha kuwasha jiko bila kiberiti. Papa Kasongo aliwauliza wenzake kama wako tayari kusomewa vifungu vya Code civil wakati wa penalti. Walicheka, kisha wakanyoosha mikono. Nilijua hawanichagui mimi. Walikuwa wanajaribu kukuchagua wewe mara nyingine.

Laiti ningelikumbuka hilo siku zote.

Unakumbuka, Tonton, desturi yako? Vijana wengi wa klabu nyingine hawaamini ninapowaeleza. Timu ikifungwa vibaya, mashabiki wakamiminika kibandani wakidai kichwa cha kipa, cha kocha, cha rais wa klabu, wewe uliendelea kunyoosha spoki zako mpaka wachoke kupiga kelele. Kisha ulisema, bila kuinua macho: "Mutu haiko hapa, mutamukatia je neno? Mupeleke toleka, akuye aseme." Na toleka ilipelekwa. Si gari, si pikipiki. Baiskeli ya abiria, ileile ambayo mama muuza mihogo huipanda kwenda sokoni, na nyuma yake mto safi uliofuliwa na Mama Sifa, mkeo. Aliyetumiwa toleka alikuja. Sijui ni kwa nini walikuja. Labda ni kwa sababu mtu akikaa nyuma ya baiskeli, miguu ikining'inia, mji mzima ukimwona, kiburi humwisha njiani, na anapofika amebaki mtu tu.

Nilikuwa msichana mdogo yule kocha mgeni alipoletwa, yule aliyekumbatia mkoba wake kifuani kana kwamba tutamla. Mnyororo ulikatika karibu na kibanda chako, akafika akitembea, suruali imejaa grisi. Watu walikuwa wanamngoja na maswali kama mawe. Wewe uliwaambia wangoje. Uliutengeneza mnyororo kwanza, ukampa sabuni anawe mikono, ukamkalisha kwenye benchi la wateja, ndipo ukamuuliza kwa nini alimtoa mshambuliaji tukiwa nyuma kwa bao moja. Mimi nimekaa katika mihadhara mingi juu ya haki ya mshtakiwa kusikilizwa. Hakuna profesa aliyenieleza kwa ufasaha kama sabuni ile.

Sasa nikuambie yaliyotokea.

Dirisha la usajili lilifunguliwa, merkato kama tunavyoiita, nasi tukaota kama kila mwaka. Tuliota kiungo. Tuliota winga. Asubuhi moja, umeme umekatika, tukiwa tumezunguka redio ya betri ya Mama Sifa, tukasikia kwamba Botuli ameuzwa Kinshasa. Botuli wetu, Tonton! Nahodha, beki tuliyemtoa Isangi akiwa bado ananuka samaki wa baba yake, uliyemfunga viatu vyake vya kwanza kwa mpira wa tairi. Ameondoka bila hata kutuaga. Badala yake ikaja picha ya mshambuliaji mpya ameshika jezi, anatabasamu. Siku ya kwanza ya mazoezi tukaona anavyoshuka ngazi: hatua kwa hatua, mkono ukutani, kama mzee anayetoka hospitali. Goti limekwisha. Na dirisha likafungwa.

Tukafungwa mechi ya kwanza. Tukafungwa ya pili. Kocha wetu wa sasa akiulizwa redioni alijibu kwamba timu inajengwa. Inajengwa! Tangu nizaliwe inajengwa. Je, ni timu au ni kanisa? Kibandani kwako mashabiki walikuwa wanafoka, nami moyo wangu ulikuwa unawaka kuliko wao wote, na nilikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho: kalamu.

Niliandika waraka. Ulikuwa mzuri, Tonton, sitakudanganya. Niliuanza hivi: "Sisi, tulioimba katika mvua na katika aibu, tunatangaza kwamba subira yetu si mali ya mtu yeyote." Nilimtaja kocha kuwa fundi wa maangamizi yetu. Nilimtaka ajiuzulu. Na kwa kuwa sisi wa nchi hii tunajua jinsi ya kufanya mji mfu, maduka yakafungwa na watu wakabaki majumbani ili wakubwa waone barabara tupu, niliamuru uwanja mfu. Mechi inayofuata asiingie mtu. Waraka ulisomwa chuoni, ukasomwa sokoni, ukavuka mto mpaka Lubunga. Watu nisiowajua walinipa mkono barabarani. Nililewa, na sikuwa nimeonja kitu.

Hakuna aliyeingia. Nilisimama langoni nimekunja mikono, na nyuma yangu mamia, wote wamegeukia barabara. Mechi ikaanza ndani.

Sikuwa nimewaza kwamba tutaisikia. Ukuta ule ni mfupi, na uwanja mtupu unavumisha sauti. Tulisikia mpira ukipigwa. Tulisikia viatu. Tulimsikia kipa wetu akiwaita mabeki wake kwa majina, mmoja mmoja, jina hili, jina lile, tena na tena, kama mtu anayehesabu watu wake baada ya mtumbwi kuzama. Kisha tukasikia shangwe ya wachezaji wachache, na tukajua kwa uchache wa sauti zile kwamba waliofunga si sisi. Wageni hawana haja ya mashabiki, wamezoea kucheza ugenini. Bao moja likatosha. Papa Kasongo alikuwa karibu nami, vidole vikipiga paja lake polepole, mdundo uleule wa kuamsha timu. Sidhani alijua anafanya hivyo.

Wachezaji walipotoka walipita katikati yetu bila kutuangalia. Kocha alikuja mwisho. Wengine walianza kumzomea. Yeye akaja moja kwa moja mpaka kwangu. Mrefu, mtu wa Bukavu, koti lake la mvua mkononi. Hakupandisha sauti.

"Nilingojea toleka yenu, mademoiselle. Wiki mbili. Haikukuya."

Akaenda zake kwa miguu.

Tonton, mimi ninayesoma sheria, mimi ninayewasumbua mahakimu wa mazoezi chuoni kwa vifungu na aya, nilikuwa nimemhukumu mtu asiyekuwapo. Nilikuwa nimemhukumu katika kibanda chako, juu ya benchi lako. Siku ileile nilikwenda kwa Mama Sifa. Alikuwa anatwanga lituma, ndizi za kupondwa. Nikamweleza jinsi umati ulivyonitii. Aliniuliza neno moja tu, kama kocha alikwisha kuitwa. Nikasema hapana. Akaendelea kutwanga. Kila pigo la mchi juu ya ndizi zile nililisikia mgongoni mwangu.

Lakini moto ukishawashwa haumngoji aliyeuwasha ajute. Mashabiki walikuwa wameonja nguvu ya kutoingia. Papa Kasongo mwenyewe, aliyepiga tumba miaka yote ile, alitoa hoja kwamba tuvunje umoja wa mashabiki, tuchome skafu, na kila mtu aende na njia yake. Afadhali kukaa bila klabu kuliko kudharauliwa na klabu. Mkutano ukawekwa Jumamosi. Ndipo nilipoelewa kilichokuwa mikononi mwangu. Si kocha. Si Botuli. Kitu chote ulichokijenga kingeweza kwisha Jumamosi ile, kabla hujamaliza mwaka kaburini, na saini ya chini ingekuwa yangu.

Asubuhi ya Jumamosi niliichukua toleka. Sikumtuma mtu. Nilipanda mwenyewe, sketi nimeifunga fundo, mpaka nyumbani kwa kocha, Makiso. Nilimwomba radhi mlangoni. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, nikaisahau. Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, akauliza kama nina uhakika, maana yeye ni mzito. Nikamwambia kwamba dhambi yangu ni nzito zaidi na imepanda tayari. Akapanda.

Ungetuona! Madereva wa toleka walituzomea kuanzia mzunguko wa kwanza. Mmoja alipiga kengele akapaza: "Présidente amekamata client mukubwa, tairi itapasuka!" Penye mwinuko pumzi ziliniishia, tukashuka, tukaisukuma pamoja, yeye upande wake na mimi wangu. Kufika kibandani sote tulikuwa tumelowa jasho. Mama Sifa alikuwa ameweka maji na sabuni. Hakuna aliyemwagiza.

Kocha alikaa kwenye benchi, akajibu. Kuhusu Botuli, alisema aliiomba kamati ya klabu imbakize, kisha hakuulizwa tena, alisikia redioni kama sisi, akiwa ananyoa ndevu. Papa Kasongo akamuuliza mbona basi alinyamaza na kutuacha tumtukane. Akasema kwamba kocha anayeigombeza kamati yake redioni anawavunja mioyo wachezaji waliobaki, nao ndio hawa atakaocheza nao Jumapili. Kuhusu mshambuliaji, tulidhani atailaumu kamati tena. Aliinamisha kichwa. Alisema huyo ni kosa lake mwenyewe. Aliletewa video kwenye simu, akatazama, akakubali.

"Video ilionyesha mabao. Goti, haikuonyesha."

Papa Kasongo akaangua kicheko, na kibanda kizima kikafuata, na kocha naye. Hicho kilikuwa kicheko cha kwanza kibandani tangu siku waliyonichagua.

Usidhani tumemtakasa. Mimi bado nasema anawarudisha viungo nyuma mno, na nilimwambia, na tulibishana mpaka maji yakaisha ndooni. Lakini kubishana na mtu aliyekaa mbele yako ni kazi ya heshima. Baada ya hapo nilisimama, nikautoa waraka wangu. Sikuuchana, mimi si mwigizaji. Nilichukua kalamu, na mbele yao wote nikafuta jina la kocha pale nilipomwita fundi wa maangamizi, nikaandika kwamba niliandika kabla ya kusikiliza. Madai juu ya kamati iliyomuuza nahodha wetu gizani niliyaacha, neno kwa neno. Kisha nikaomba kura juu ya hoja ya kuuvunja umoja.

Mikono ya kubaki ilikuwa mingi. Papa Kasongo hakunyoosha wake, si kwa kubaki, si kwa kuondoka. Tulimngoja. Alikaa akiutazama ukuta, kisha akasema: "Ninabaki. Lakini ninabaki na kasirani yangu." Nikamwambia kwamba katika katiba yote ya umoja wetu hakuna kifungu kizuri kama hicho.

Hapo ndipo tulipo, Tonton. Rais wa klabu naye ameitwa. Amejibu kwamba hapandi baiskeli. Botuli harudi. Dirisha limefungwa mpaka mwakani, na goti lile halitapona kwa nyimbo. Huenda tukashuka daraja. Nimeangalia ratiba mara nyingi, na kila mara inaniangalia vibaya.

Lakini nataka ujue nilichokiona, maana nilikupenda utotoni bila kukuelewa. Nilidhani upole wako ni wa mtu asiye na hasira. Nilikosea. Ulikuwa na hasira kutuzidi sote. Uliipa kazi tu, kama ulivyoipa kazi kila chuma kilichopinda kilichoingia kibandani kwako. Vitabu vyangu vinasema haki ni taasisi. Wewe uliijenga kwa benchi moja, na watu wenye magari wakaja kulikalia.

Mwenyezi Mungu akupe kiti cha kivulini, wewe uliyekaa upande wa jua uwanjani maisha yako yote ili wenye watoto wakae palipo na paa.

Jumapili hii tunacheza nyumbani, na wanaokuja ni vinara. Nakuahidi haya mawili, na uniandike popote wanapoandika huko ulipo. Tukishinda au tukishuka, Tonton, sitanyamaza. Wala sitaondoka.

Mwana wa dada yako,
Zaina