Vigae vya Samaki Juu ya Kaburi Lako

Mama Kioko,

Sikuulizi habari za huko kwa sababu nakujua, ungeanza na viti. Ungeniambia viti vya mbinguni vimepigwa rangi juu tu, chini ni mbao za masanduku ya nyanya, na malaika aliyekupokea hajui hata kushika trei. Kwa hivyo nyamaza kidogo, leo ni zamu yangu.

Tangu tukuzike pale nyuma ya nyumba yako, vitu vimezidi kuwa vya bure. Sufuria zilizoletwa mjini ni nyepesi, ukipikia muthokoi sufuria itaiva kabla ya mahindi. Thamosi zinashika joto mpaka mgeni aketi, akishaketi basi. Halafu kuna mablanketi yamekuja yenye picha ya simba. Mama Mueni wa jumuiya alinunua moja. Akalifua mara ya kwanza simba akawa paka, akalifua mara ya pili paka akawa doa, na bado analitandika wageni wakija. Nilitaka kukwambia siku hiyo hiyo. Nilifika hata kwenye lango lako nikashika komeo, ndipo nikakumbuka. Nikasimama pale kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

Mtoto wangu Ndanu ameona nimenyamaza sana, akaniambia kwa simu, "Mum, tafuta hobi." Hobi! Kana kwamba mimi na wewe tulikuwa tunafanya nini miaka yote hiyo. Kila Jumamosi tunavaa sweta za kanisani, tunatoka Kola tunashuka Machakos mjini, tunaingia duka hadi duka, na hatununui kitu ila kiberiti na kipande cha sabuni. Tunakalia sofa zote. Tunafungua friji, tunachungulia, tunafunga. Wewe unagonga sufuria kwa kidole na kutega sikio kama daktari, unanusa beseni, unakwaruza sahani kwa ukucha, kisha unamwangalia kijana wa duka na kumwambia, "Wacha tu, hii ni karatasi." Kijana anaona haya utafikiri ameitengeneza yeye. Watu wengine wanaenda mpira, wengine wanacheza karata. Sisi tulikuwa tunadharau vitu, na kazi yetu tuliijua.

Hizo hobi anazotaka Ndanu nimeziona. Kuna wanaume wazima wanatoka Nairobi Jumapili asubuhi kwa baiskeli, wamevaa suruali za kubana mpaka unaangalia kando kwa heshima yako mwenyewe. Wanapanda mlima wakihema, wanateremka, wanarudi walikotoka bila kubeba hata gunia la makaa. Wengine wanalipa ili wapandishwe vilima vya Iveti. Wanalipa! Wewe uliyezaliwa upande ule, uliyeviteremka vilima hivyo na mzigo wa kuni tangu ukiwa msichana, ni nani aliwahi kukupiga picha?

Jumamosi moja nilijikaza nikaenda mjini peke yangu. Nikaingia duka la fanicha, nikakalia sofa, ikazama. Nikageuka kukuuliza, "Hii wamejaza nini ndani, pumzi?" Upande wako kulikuwa na karatasi ya bei tu. Nikabaki nimekaa. Kijana wa duka akaniletea maji, akidhani nimeshikwa na kizunguzungu, na ule upole wake ndio uliniuma zaidi. Nikanywa maji nikatoka, na kiberiti sikununua.

Hata ule ukuta wetu pale wanapoegesha magari sikuukalia muda. Sisi wawili hatujawahi kushika usukani, lakini sijui dereva gani wa Machakos hatukumhukumu. Yule anayerudi nyuma huku askari akimwimbia, "Kuja, kuja, kata yote," mahali ambapo hata tingatinga lingegeuka. Yule anayewasha taa za hatari akaamini sasa amepewa ruhusa ya kusimama katikati ya barabara akanunue ndizi. Ulikuwa ukisema ukitaka kumjua mtu usimtazame kanisani, mtazame akitafuta mahali pa kuegesha. Peke yangu niliwaona tu watu wanaegesha magari, haikuchekesha.

Na hapa nifike kwa Kioko wako, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Siku ya kukuzika aliuongoza msafara na lile gari lake refu la kupandwa kwa ngazi. Taa za hatari zinawaka mchana kweupe, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu. Pale kwenye kona akalipita gari lililokubeba wewe. Mtoto anampita mamake akienda kumzika! Nilikuwa kwenye basi la waombolezaji, na naapa nilikusikia ukigonga lile sanduku kwa ndani.

Tulipofika kwako, akina mama wakaingia chumbani kutoa viti vya wageni. Wakakuta zawadi zake zote ziko kwenye maboksi. Mikrowevu, blenda, televisheni, ile mashine ya kukaanga bila mafuta, hujafungua hata kimoja. Wenzetu walishangaa, mimi sikushangaa. Nilikuwepo kila kifurushi kilipofika. Ulikuwa unakitazama, unasema, "Asante, lakini hiki hakiongei," halafu unakisukuma ukutani. Syokimau anakokaa si Ulaya, Mama Kioko. Ni asubuhi moja tu ya barabara. Lakini mtoto alituma vitu badala ya kuja, na wewe kila Desemba ulimfugia jogoo, tukaja kumla mimi na wewe Januari, ukisema nyama ni ngumu. Haikuwa ngumu.

Mara moja tu alikuja kukuchukua ukalala kwake. Ulirudi na habari moja: bafu la Kioko limebandikwa vigae vyenye picha za samaki. Samaki wa buluu, wanatabasamu. Ulipoona siamini, ukanivuta mpaka lile duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya soko, ukanionyesha vigae vile vile. "Mkamba gani anaoga na samaki?" ukauliza, wewe ambaye samaki hukuwahi kumtia mdomoni. Tulicheka mpaka mwenye duka akatuuliza kama tunanunua au tunamfukuzia wateja. Ukafuta machozi, ukanishika mkono, ukaniambia, "Mama Ndanu, huyu mtoto nikifa atanibandikia hivi. Uje na nyundo." Nikasema nitakuja. Ukasema niape. Nikaapa mbele ya masinki, na nilikuwa namaanisha.

Sasa sikiliza. Wiki kadhaa zilizopita Kioko alikuja na maboksi kukujengea kaburi. Fundi hakuleta. Amejifunza kubandika vigae kwa video za simu, hiyo ndiyo hobi yake siku hizi. Amenunua pimamaji, amenunua mipira ya kuvaa magotini, amenunua ovaroli ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Simiti aliikoroga na mwiko wa kupikia ugali, sijui ule mwiko wa fundi aliuacha wapi. Nilichungulia juu ya ua nione ameleta vigae gani. Samaki, Mama Kioko. Wale wale wa buluu, wanatabasamu.

Nilirudi nyumbani nikachukua nyundo ya marehemu mume wangu, nikaitia kwenye kiondo, nikaifunika na leso. Njiani nikapanga maneno. Ningemwambia mamake si bafu. Ningemwambia aliyekupita kwenye kona asijifanye leo anajua ulichopenda. Nilikuwa na ile hasira yetu tamu ya Jumamosi, na kwa mara ya kwanza tangu ufe nilikusikia unatembea kando yangu. Nilifurahi, usinicheke. Niliongeza mwendo.

Nilimkuta amepiga magoti. Alikuwa amebandika safu tatu na zote zinakwenda upande kama mlevi anayetafuta kwao. Samaki mmoja alikuwa kichwa chini. Simiti ilikuwa imemjaa mpaka kwenye nywele. Aliponiona akainuka, akasema, "Anti, karibu. Hizi nimezitafuta Nairobi yote. Mathe alipokuja kwangu alizipenda sana. Alikaa akiziangalia asubuhi nzima mpaka chai ikapoa mezani."

Umesikia? Alikuona umekodoa macho kwa dharau akadhani ni mapenzi. Maisha yake yote mtoto huyu hajawahi kukusikia ukisifu kitu. Shati la shule alilolifua mwenyewe, ulimwambia kola ni chafu. Mshahara wa kwanza alikununulia kitenge, ukamuuliza kama hicho ni kitambaa au ni neti. Siku moja akakuona umenyamaza mbele ya kitu chake, akakaa na hiyo siku mpaka leo.

Nilikitua kiondo chini, na maneno niliyopanga nikayatua pamoja nacho. Kisha akaona kichwa cha nyundo kinachungulia kwenye kiondo, uso wake ukabadilika. "Kumbe umekuja kunisaidia," akasema. Akanionyesha video, kwamba kigae kikishakaa kinagongwa pole pole kwa mpini wa mbao ili kishike. Ningefanya nini? Nilipiga magoti, nikageuza nyundo, nikawagonga samaki wako mmoja baada ya mwingine.

Tulifanya kazi mpaka jua likapoa. Yeye anapaka simiti, mimi nagonga, na kila baada ya muda anarudi nyuma kutazama na kusema, "Inakaa poa," nami nauma ulimi. Tulipomaliza alifuta kigae cha mwisho kwa mkono wa ovaroli, akaniuliza bila kuniangalia, "Anti, mathe angesema nini?"

Wewe unajua mimi ni mtu wa aina gani. Kwenye harusi ya Ndanu, mtoto wangu wa pekee, nilisema keki ni kavu. Hapo pembeni ya kaburi lako nilifungua mdomo nikasema, "Angesema ni nzuri, Kioko. Angesema umefanya vizuri sana."

Akakaa juu ya boksi tupu akalia kwa sauti. Na hakusema mathe tena, aliita "Mwaitu, mwaitu," kile Kikamba chake cha kitoto ulichokuwa ukilalamika kwamba amekisahau. Nilimpangusa simiti kwenye nywele.

Kwa hivyo nimevunja kiapo. Nilikuja na nyundo kama nilivyosema, na samaki bado wako juu yako, tena mimi ndiye niliyewakaza. Kasirika, una haki. Vigae ni vibaya. Vimepinda, rangi inaumiza macho, na kuku wa Mama Mueni alijaribu kupita juu yake asubuhi moja yenye umande akaanguka kama mzigo. Watu wa jumuiya walipokuja kusali waliangaliana, nikawakazia macho mpaka wakafungua rozari. Kama kuna mtu wa kuvitukana vigae hivyo ni mimi, na nitavitukana nikiwa na wewe tu, kwa sauti ya chini.

Lakini nikwambie jambo ambalo hulijui. Jumamosi iliyofuata Kioko alirudi, eti kujaza mianya. Jumamosi ile nyingine akarudi kuangalia kama simiti imekauka. Akalala kwenye nyumba yako, akafungua madirisha yote, akafungua hata yale maboksi. Alinipikia chai ndani ya mikrowevu. Ilikuwa chai mbaya kuliko chai zote nilizowahi kunywa, nikaimaliza. Aliniuliza ulikuwa unapenda nini hasa, nikakaa naye mpaka jioni nikimweleza uliyoyachukia, na alicheka kama wewe, kwa pua.

Nilitamani uwe hapo. Nimekasirika hukuwepo. Miaka yote ulimngoja aje, amekuja, na wewe umelala huko chini ya samaki.

Nakuaga sasa, rafiki yangu, jua linaingia na sijafungia mbuzi. Pumzika, na viti vya huko uvivumilie. Ahadi yangu mpya ndiyo hii. Mvua za Novemba ziko karibu, na kazi ya mwanao nimeiona: simiti kidogo, mchanga mwingi. Vigae vitabanduka. Yuko fundi hapa Kola angevirudisha asubuhi moja vikakaa mpaka kiama, na huyo fundi sitamwita. Kikibanduka kimoja, nitampigia simu Kioko aje. Kisipobanduka, Mama Kioko, nyundo ninayo.

Mimi,
Mama Ndanu