Jina la Mzee Shikanga Kwenye Seva

S.L.P. 1147,
Kakamega.
19 Septemba 1999.

Mpendwa kaka Barnaba,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani, na baridi ya Winnipeg imeshaanza? Sisi hatujambo, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika mahindi.

Mama yako Rosebella yuko salama Iguhu. Goti bado linamsumbua, lakini shambani haachi kwenda. Ukimpigia simu usimkataze, utamkasirisha bure.

Nakuandikia hasa juu ya jambo la ofisini. Pale kwenye ushirika wa wakulima alipofanya kazi marehemu baba yako, Mzee Shikanga, sasa seva, ile kompyuta kuu, iko chini yangu. Kazi zote hukaa ndani ya hiyo seva, na makarani huingia kutoka kwenye mashine zao za mezani, hata yule wa tawi la Chekalini kwa laini ya simu. Kila anayeingia huchukua leseni moja, yaani ruhusa ya kuingia, nazo zina idadi yake; akitoka huirudisha. Zikiisha, anayechelewa anafungiwa nje.

Basi Chekalini ilikuwa ikifungiwa nje kila siku. Meneja akaniambia nisipoitengeneza kufikia Ijumaa atamleta mtu wa Kisumu, mimi nikauze nyanya. Hakuwa anatania. Nilizima seva nikaiwasha upya, nikakagua laini, nikasoma kitabu chake chote hadi macho yakauma. Asubuhi inakubali, saa nne inakataa.

Mwishowe niliacha kuangalia mashine nikaangalia watu. Unatujua: mtu akitoroka kwenda sokoni, huacha koti kitini ili aonekane yupo. Siku hizi anaacha na jina lake wazi kwenye seva. Niliwakemea, wakayafunga huku wakinung'unika. Bado leseni moja ikakosekana. Nikatazama majina yaliyobaki wazi, nikaliona la baba yako, na tulimzika Juni.

Niliogopa, sikufichi. Kumbe ni Barasa, karani aliyekuwa akikaa naye meza moja. Mzee alipougua alimpa neno lake la siri, awe anamfungulia kila asubuhi wasije wakamwandika mtoro. Tulipotoka mazishini, Barasa akaendelea tu. Nilimwambia aache. Akajibu kwa upole kwamba vitu vya marehemu huguswa kwanza na kifungua mimba wake, na wewe hukuweza kuja. Nilikasirika, maana Ijumaa ilikuwa kesho yake, lakini sikuthubutu kulifunga bila yeye kukubali.

Jioni hiyo nikaenda Iguhu kwa mama yako. Alinisikiliza huku akipukuchua mahindi, asiinue macho. Kisha akasema, "Lifunge, mwanangu. Mtu hawezi kuwa kaburini na kazini."

Nililifunga Ijumaa asubuhi, Barasa amesimama kando, kofia mkononi. Chekalini wakaingia papo hapo. Meneja alipita akasema vizuri, akaenda zake, na kazi yangu ingalipo.

Ila nikwambie wazi, nilipobonyeza nilikuwa na hasira na wewe. Hiyo ilikuwa kazi yako, Barnaba, na nimeifanya mimi.

Wanangu Philip na Mitchel wanakusalimu, na Barasa pia, ingawa hakujui. Mungu akulinde huko uliko, na akufungulie njia ya kurudi.

Wako akupendaye hata akikasirika,

Jescah Ayuma